Gari la Baba Limo Kwenye Sanduku la Leso

BARUA

Somo yangu,

Assalaam aleykum. Nimekuwa nikisoma majibu yako miaka mingi, mara nyingine nikicheka peke yangu, na sikudhani kuwa siku moja nitakaa hapa na kalamu. Ni usiku, mama amelala chumba cha pili, na hicho ninachokuandikia habari zake kiko chini ya kitanda nilichokalia.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Lamu. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani yapata miaka kumi sasa. Natumia cherehani. Ndugu zangu ni wawili, wanaume wote: kaka mkubwa yuko Mombasa na watu wake, na mdogo wangu yuko hapa hapa, ana boti ya abiria ya kwenda Mokowe. Baba yetu alifariki mwezi wa Shaaban. Mama bado yumo edani.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliondoka Lamu akiwa kijana, akaajiriwa Mombasa mwaka 1971, siku za East African Railways, akawa mchochea moto kwenye vichwa vya mvuke. Mvuke ulipokwisha wakamtia karakana. Mwaka 1994 akarudi Lamu na sanduku la nguo, redio, na kichwa kimoja cha treni cha urefu wa kiganja, alichopewa na mhandisi wa Kiingereza aliyekuwa akifunga virago. Watu walimcheka. Kisiwa ambacho usafiri wake ni punda na mashua, mtu analeta garimoshi! Lakini kile kimoja kikazaa. Wageni waliomzoea walimletea vilivyochakaa kwao, na vingine alinunua vimevunjika, kwa bei ya kuvunjika. Anakufa, viko 31, bila kuhesabu mabehewa. Nyumba yetu ni ya kale na chumba cha ndani kina zidaka ukuta mzima, ambazo bibi alikuwa akipangia sahani na bakuli za Kichina. Baba alizitoa sahani akapanga vichwa vya treni. Bibi, Mungu amrehemu, alinuna mpaka Ramadhani ikaingia.

Wala hakuwa mtu wa kukusanya tu. Kitu kikibaki kama kilivyotoka dukani, kwake kilikuwa hakijafika. Vichwa vya Kiingereza vilikuja na rangi ya kijani. Aliviparura, akavipaka damu ya mzee, rangi ya reli yetu, akabadilisha bomba la moshi, akaweka taa kubwa mbele. Ndugu zangu hawakuona raha yake. Mimi ndiye niliyeshika tochi, kisha tupa, kisha chuma cha kulehemu. Nilipofika miaka 14 niliweza kulehemu shaba nyembamba bila kuipinda kwa moto. Majirani wakimwambia mama, "Mtoto wa kike na vyuma?" Mama akijibu, "Ningemtia wapi, na babake kazi hana nyingine?"

Lililoniandikisha ni gari moja, nambari 5918. Ndilo alilochochea moto wake baba, lenyewe lilikuwa refu kuliko nyumba tatu za mtaani kwetu. La kwetu, la mfano, tulilijenga kuanzia 2001 hadi 2003. Baba alipata vichwa viwili vya Kiingereza vyenye magurudumu manane ya kuvutia kila kimoja, tukavikata, kimoja mbele kimoja nyuma, na katikati tukaning'iniza birika la mvuke tulilolitengeneza kwa bomba la plastiki la milimita 32, la maji, lile lile la fundi bomba. Vishikio ni waya wa shaba niliochomoa kwenye mota iliyoungua. Jina, MOUNT GELAI, niliandika mimi, kwa brashi ya nywele tatu nilizozikata mkia wa paka wetu. Siku tisa kwa herufi kumi. Lina urefu wa sentimita 42. Mgeni mmoja mjuaji alimwambia baba kuwa reli zake ni pana mno: kwa kipimo cha 1 kwa 76, mita moja inafaa iwe milimita 13 na kidogo, naye anatumia za 16.5. Baba akamjibu, "Bwana, hata Lamu yenyewe haina reli."

Usiku tulipomaliza umeme ulikuwa umekatika. Tukaliendesha kwa betri ya boti, maana treni hizi hutaka volti 12 tu. Mama alileta kahawa na kaimati. Gari likazunguka ubao mara mbili bila kuanguka, na baba akaniita kwa Kiamu: "Ndoo mwanangu. Hini ni yako." Akaligeuza, akachukua sindano, akakwaruza chini ya tangi herufi mbili, yake na yangu, na mwaka. Kisha akaliweka kidaka cha katikati, na hapo ndipo lilipokaa miaka yote. Nilipoolewa sikulichukua. Niliporudi nililikuta.

Sasa kuna mgeni mwenye nyumba Shela anataka kununua vyote. Atatoa shilingi 640,000. Ila amesema lile refu likikosekana, ni 400,000. Kaka zangu walikubaliana kwa simu hata arubaini haijafika. Kaka mkubwa ana ada za watoto wawili chuoni, mdogo wangu anataka mashine mpya ya boti. Mimi hawakuniuliza, waliniarifu. Mama hakusema lolote. Ameshakuwa upande wa wanawe.

Siku ya tatu, watu wakiwa kwenye khitma, niliingia ndani nikalitoa gari kidakani, nikalifunga kwa doti ya leso, nikalitia kwenye sanduku langu la arusi pamoja na udi na zile tembe nyeupe za kufukuza nondo. Siku ya saba mdogo wangu aliniuliza, "Lile refu liko wapi?" Nikasema, "Sijui." Neno moja tu, Somo. Tangu hapo wanasema limeibwa. Kuna kijana wa jirani, ana miaka 15, alikuwa akija baada ya chuo kumsaidia baba kusugua magurudumu kwa spiriti. Wamemtilia shaka yeye. Mdogo wangu alimwambia mamake amuulize mwanawe ameliweka wapi. Siku hizi haji tena. Hilo nalo lanikera kidogo, ila mtoto ni mtoto, yatapita.

Nataka kujua: gari hili ni langu au ni mirathi? Na kama ni langu, nitawaambiaje bila kuonekana mwizi? Sijashika chuma cha kulehemu tangu azikwe. Vichwa vingine vimeanza kuota kutu kidakani, na sina mkono wa kuvipangusa.

Mwenye Sanduku, Lamu


JIBU

Waaleykum salaam mwanangu. Pole ya msiba, na pole ya kukaa juu ya kitanda hicho.

Barua yako nimekuwa nayo wiki tatu. Wasomaji hawajui kwamba nilikupigia simu. Nilikwambia kuwa Lamu ni mji wa watu kugusana mabega kichochoroni, na mwenye magarimoshi 31 ndani ya zidaka hafichiki kwa kufutwa jina. Nikataka nigeuze treni ziwe saa za ukutani na gari lako liwe saa ya babu. Ukakataa. "Wacha hivyo hivyo, na nambari usiifute." Nikauliza tena kesho yake, jibu likawa lile lile. Basi nimeichapa kama ulivyotaka. Lakini kabla hujaendelea kusoma jiulize: mtu anayetaka kitu kibaki chini ya kitanda hung'ang'ania nambari yake itajwe hadharani? Naona mkono wako mmoja umeshafungua kifuniko. Huenda nimekusoma vibaya, wewe ndiye ujuaye.

Kwa wasioelewa mtu anawezaje kulilia bomba la maji lililopakwa rangi, niseme kidogo. Kati ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilijenga vichwa 34 vya mtindo wa Garratt kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, daraja la 59, nambari 5901 hadi 5934, kila kimoja na jina la mlima wa kwetu. Birika limebebwa katikati, na magurudumu yako kwenye behewa mbili zinazojipinda, moja mbele na moja nyuma, ndiyo maana dude la mita 31 na ushei, lenye uzito wa zaidi ya tani 250, liliweza kupinda kona za kupandia bara. Vilikuwa vikichoma mafuta mazito, na katika reli za upana wa mita moja dunia haikupata kuwa na kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi. Kufikia 1980 vilikuwa vimestaafishwa vyote. 5918 yenyewe ipo hadi leo, imesimama kwenye Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Niliwahi kuwapeleka wajukuu. Gurudumu lake lilimpita kimo mjukuu wangu wa miaka sita, na mlinzi alikuwa akiota jua amekiegemea chuma hicho kama mtu aegemeaye ukuta wa kwao. Baba yako alipanda ngazi ile na utambi wa kuwashia mkononi. Naelewa.

Sasa swali lako la kwanza. Mimi si kadhi wala wakili, na hukumu ya mali ya marehemu haitolewi na mwanamke anayejibu barua. Nitakuonyesha tu mahali penye utelezi ili ukienda kuuliza usiende mikono mitupu.

Unachokieleza, masheikh wengi wataanza kukiita hiba, zawadi ya mtu akiwa hai. Watatafuta mambo matatu: mwenye kitu ametoa, aliyepewa amekubali, na kitu kimekabidhiwa. La kwanza unalo, kama kuna aliyesikia. La pili, je, ulisema nini alipokuita? Barua haisemi. La tatu ndilo gumu: gari lilirudi kidakani siku ile ile na likakaa humo zaidi ya miaka ishirini. Kaka zako wanaweza kusema baba hakuwahi kulitoa mkononi. Wewe unaweza kusema ulikuwa mtoto ndani ya nyumba ya babako, na kidaka chake ndicho kabati lako. Yote mawili yana watu wa kuyasikiliza. Usidhani pia kuwa litakuokoa neno wasia, maana mrithi hausiwi mali juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie.

Ila kuna jambo uliloliandika na hukuliuliza. Chini ya tangi mna herufi mbili. Mtu anayempa mwanawe kitu huandika herufi ya mwana. Huyu aliandika na yake. Je, "hini ni yako" lilikuwa neno la kukupa, au lilikuwa neno la fundi kumwambia fundi mwenzake kwamba kazi hii ni yetu? Kama ni sharika, basi nusu haikuwahi kuwa ya baba, na hiyo haingii kwenye mirathi kabisa, na nusu ya pili inaingia. Mimi sijui lipi, na huenda hata yeye usiku ule hakutenganisha. Nakuonyesha tu kwamba kati ya "langu lote" na "la mirathi lote" mna chumba, nawe umekuwa ukitembea kwenye milango miwili tu.

Tuhesabu, maana ndugu zako wameshahesabu. Kama marehemu hana deni wala wasia, na warithi ni nyinyi wanne, mama ana thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki mwanamume ana mafungu mawili kwa lako moja. Katika 640,000 mama anapata 80,000, kila kaka 224,000, wewe 112,000. Gari likitoka na vingine viuzwe 400,000, mama ni 50,000, kila kaka 140,000, wewe 70,000 na gari lako. Kwa hiyo kila mmoja wao anapungukiwa na 84,000, na mama 30,000. Ukisimama mbele yao, simama na hesabu hii kichwani, ili wasikuone mtu anayelilia mwanasesere wakati wao wanazungumzia ada na mashine. Shida zao si za uongo. Na wewe hukuulizwa, hilo pia si la uongo, mrithi haarifiwi.

Ningetaka pia mjue, nyote, kuwa bei ya mtu mmoja ni bei ya mtu mmoja. Soko la vitu hivi lina tabia zake. Wapo wanaolipa zaidi kwa kichwa ambacho hakijaguswa, na boksi lake, na kwao kazi ya baba yako ya kuparura na kupaka upya inapunguza thamani. Wapo wasiotaka cha dukani hata kwa bure. Huyu wa Shela anaonekana ni wa kundi la pili, na tofauti ya 240,000 anayoiweka juu ya gari moja inanifanya nidhani anajua anachokitazama. Kabla ya kuuza 31 kwa mpigo, mngetafuta jicho lingine. Risasi ya maneno mnaweza kuirudisha kinywani. Mali ikishavuka maji hairudi.

Nikija kwa mama. Umeandika kwamba hakusema lolote, na mstari huo huo ukamweka upande wa wanawe. Mwanangu, huyo ni mjane aliye edani, amezikwa mwenziwe, anasikia bei ya vitu vya mumewe kupitia simu ya mtu mwingine. Kunyamaza kwake kunaweza kuwa kukubali. Kunaweza kuwa uchovu. Kunaweza kuwa anangoja kuona nani atamuuliza. Tena wewe mwenyewe umemtia ndani ya kisa: usiku ule alileta kahawa na kaimati. Alikuwa amesimama wapi baba aliposema "ndoo mwanangu"? Alikuwa ameshaingia, au yuko jikoni bado? Ukitafuta shahidi, umelala naye ukuta kwa ukuta. Hatari yake ni kwamba anaweza kukwambia hakusikia. Au alisikia jambo lingine, neno ambalo wewe umelisahau au ulilitaka liwe vile. Ukimuuliza, muulize kwa kutaka kujua, usimuulize kwa kumpa jibu. Na ujue kwamba ukimuita ashuhudie, unamuweka kati ya watoto wake.

Sasa yule kijana.

Umempa mistari michache, na ukafunga kwa "yatapita". Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zile za leso na udi. Katika mji wa Lamu neno "mwizi" likimpata mvulana wa miaka 15 halikai kwa jirani mmoja. Linakwenda chuoni, linakwenda bandarini anapotafuta kibarua, linamngoja mamake dukani. Mambo ya hiba, ya sharika, ya bei, yote hayo yanaweza kukaa mpaka mama atoke eda, hayaharibiki. Hili halina subira hiyo. Sikwambii hivi kukuumiza, na sidhani ulilipitisha haraka kwa kutojali. Nadhani ndilo linalouma zaidi, ndiyo maana ukaliita "kidogo". Na fikiri ni nani huyo: mtoto wa watu aliyekuwa akija kusugua magurudumu kwa spiriti, mahali pale pale uliposhikia tochi wewe.

Utafanyaje? Njia ni kadhaa na hakuna isiyo na mwiba. Unaweza kumwambia mdogo wako peke yake kwanza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza na yeye ndiye aliyekwenda kwa mama wa kijana. Atakasirika, na akishakasirika hujui atampigia nani. Unaweza kuwakalisha wote pamoja na mzee mmoja wa ukoo mnayemheshimu, ili hasira iwe na mtu wa kuionea haya. Unaweza kwenda kwa mama wa kijana kabla ya wote. Hapo ndugu zako watasema umewaaibisha nje kabla ya kuwaambia ndani, na hawatakuwa wamesema uongo. Neno "mwizi" unaloliogopa linaweza kukupata siku ya kwanza kwa njia yoyote kati ya hizi. Nani atalikumbuka mwaka ujao, sijui. Ulificha ulichoogopa kukipoteza wakati ule wa khitma, watu wamejaa sebuleni na uamuzi umeshafanywa kwa simu, mimi sikuiti mwizi kwa hilo. Lile "sijui" la siku ya saba ndilo lililomtafuta mtu wa kubebeshwa.

Likishatoka sandukuni, mazungumzo ya mali yana njia zake pia. Warithi wakiridhiana, mmoja anaweza kuchukua kitu maalumu na kuacha sehemu yake kwenye vingine, masheikh huita takharuji. Kwa bei ya mgeni gari ni 240,000 na fungu lako ni 112,000, kwa hiyo wakilihesabu lote kuwa la mirathi utabaki unadaiwa 128,000, ambazo kwa cherehani ni miezi mingi. Wakikubali kuwa nusu ni yako, hesabu inabadilika sana. Wasipokubali chochote, mahakama ya kadhi ipo hapo hapo Lamu na kazi yake ndiyo hii, ila watu wa nyumba moja wakitoka mbele ya kadhi, hata aliyeshinda hutembea na kitu. Njia nyingine ni kulipeleka makumbusho, hapo mjini au Nairobi karibu na mkubwa wake, kwa maandishi ya wote. Linatunzwa, ila usiku ukitaka kulishika huwezi.

Kuna moja ambayo nimesita kuitaja. Umeniambia kwa simu kuwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia mna vichwa viwili vya magurudumu manane ambavyo baba alivinunua na hamkuvianza. Mgeni anataka gari refu. Hakuna aliyemwambia kwamba mmoja wa waliolijenga yu hai, anashona magauni, na mkono wake ndio ulioandika jina. Barua nzima umejiita mshika tochi na mshika tupa. Aliyejenga katika barua hiyo ni "baba" au ni "tulijenga", hujaandika popote "nilijenga". Sisemi umuahidi mtu gari jipya. Ilichukua miaka miwili mkiwa wawili, na kulehemu bila yeye pembeni kunaweza kukuvunja vidole na moyo. Wala huenda mgeni hataki nakala. Nauliza tu kama kinachokufanya usishike chuma ni huzuni peke yake, au ni kwamba hujawahi kukishika bila mtu wa kukwambia umefanya vyema.

Na vile vilivyo kidakani vipanguse, hata kabla ya kuamua lolote. Upepo wa chumvi hauna tanga wala arubaini. Magurudumu ya chuma kitambaa na spiriti, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila mhimili, mafuta unayo. Vikiuzwa vitauzwa vizima, vikibaki vitabaki vizima.

La mwisho ni dogo na ni la haraka. Umenitajia tembe nyeupe za nondo. Mvuke wa tembe zile hulainisha baadhi ya plastiki na kulegeza rangi, hasa ndani ya sanduku lililofungwa, nalo gari lako ni plastiki, kuanzia birika hadi tangi. Leso hazidhuriki, herufi zako kumi zinaweza. Lifungue usiku huu. Liweke mahali penye hewa, juu ya kitambaa cha pamba, si juu ya gazeti. Chumba chako sikijui, lakini kutoka hapo ulipokaa hadi kidaka cha katikati nadhani si hatua nyingi, na mama, kwa umri wake, usingizi wake wa usiku hauwezi kuwa mzito kama unavyoudhania.

Somo